Figo Alilobakiziwa Asenath

Povu ndilo lililomtisha Asenath. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na asubuhi ile ya mwaka wa 1983 alikojoa kwenye kopo kama alivyofundishwa zamani na muuguzi mmoja, akaliweka sakafuni nyuma ya pazia, akangoja. Mkojo ulikuwa na povu jeupe, zito, kama la sabuni ya kufulia. Akavaa gauni, akafunga kitambaa kichwani, akarudi kuchungulia. Povu lilikuwa palepale, na muuguzi yule alikuwa amemwambia kwamba povu lisilokufa ni ishara ya figo linaloshindwa.

Alitoka nje, akavuka ua wa majirani hadi vyooni, akamwaga na kulisuuza kopo. Aliporudi chumbani miguu ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine.

Miaka kumi nyuma, akiwa bado msichana kwao Bungoma, mawe yalimjaa kwenye mafigo yote mawili, akaletwa Nairobi kupasuliwa. La kulia lilikuwa limekwisha kuoza, wakalitoa lote. La kushoto mpasuaji alilikata sehemu ya chini iliyoharibika, akaishona ile iliyobaki.

"Kulitoa na hili lote kungekuwa rahisi kwangu, lakini wewe ungekufa," mpasuaji alimwambia siku ya kutoka wodini. "Nimekuachia kipande. Ukikitunza kitakutosha. Kitatosha mpaka lini, hilo silijui, na hakuna anayelijua. Ndiyo maana lazima uje upimwe kila mwaka."

Alipimwa miaka ile ya kwanza. Kila siku ya kliniki ilipokaribia alikuwa hali, halali, anajikagua uso kwenye kioo kama mtu anayetafuta ufa ukutani. Kisha akapata kazi ya kushona sare kwenye kiwanda kimoja Industrial Area, na huko akakutana na Kiilu, dereva wa lori aliyekuwa akipeleka mizigo Mombasa. Kiilu aliliona kovu lake, refu, kutoka mbavuni hadi karibu na kitovu. Asenath akamwambia alitolewa mawe. Haukuwa uongo, ila haukuwa ukweli wote. Walipooana na kupata chumba mtaa wa Mbotela, akaacha kwenda kliniki. Kutojua kulimpa usingizi.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mama mkwe wake, Nthoki, alikuja kutoka Kangundo kumsaidia. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi, na alikuja na gunia la muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Alipika kila jioni, na kila jioni Asenath alikula vijiko viwili na kuisogeza sahani kando.

"Chakula changu kina nini?" Nthoki aliuliza siku moja.

"Hakina kitu, mwaitu," Asenath alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Ni chumvi tu. Siwezi chumvi."

"Mke wa mwanangu hawezi chumvi." Nthoki aliondoa sahani. "Haya. Watu wa kwenu wana mambo yao."

Kichwa kilikuwa kinamgonga Asenath tangu mchana, na alipoangalia taa ya chemli aliona vidoa vyeusi vikielea pembeni mwa moto. Alifumba macho. Akajiambia ni uchovu wa cherehani.

Siku iliyofuata ile ya povu ilikuwa Jumamosi. Kiilu alikuwa safarini. Asenath alishindwa kuinama kuoga, Nthoki akamwambia avue gauni aketi kwenye kibao, amsugue mgongo. Chumba kilikuwa na joto, na nje watoto walikuwa wanapiga kelele kwenye bomba la maji. Mkono wa Nthoki ulishuka na kitambaa cha maji hadi ubavuni, ukafika mahali palipobonyea chini ya mbavu, ukasimama.

"Hapa walitoa nini?"

"Mawe, mwaitu."

"Mawe hayaachi shimo namna hii. Nimezaa watoto saba, nimeosha maiti, naujua mwili wa mtu. Walitoa nini?"

Asenath alianza kulia kabla hajaanza kusema. Aliyasema yote akiwa ameupa ukuta uso: figo moja lililotolewa, lile lingine lililokatwa, kliniki alizokimbia, povu la jana. Alipomaliza alingoja kusikia mlango ukifunguliwa. Aliona kabisa jinsi mwanamke yule angefunga mzigo wake na kwenda kuwaambia watu wa Kangundo kwamba Kiilu ameozwa nusu mtu.

Badala yake Nthoki alizunguka akapiga magoti mbele yake. Akabonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa muundi wa Asenath, akakiondoa. Shimo la kidole likabaki pale kwenye ngozi, halijai.

"Geuka unitazame," Nthoki alisema. Aliutazama ule uso kwa muda, na Asenath akaona kitu asichotarajia. Mdomo wa mama yule ulikuwa unatetemeka.

"Dada yangu Mbeti alikuwa na uso kama huu," alisema. "Mimba yake ya pili. Alivimba, akasema anaona nyota mchana. Walisema ni mapepo, wakampigia ngoma. Nilimshika miguu mimi mwenyewe alipokuwa anarushwarushwa. Alikufa na mtoto tumboni." Alisimama. "Vaa. Tunaenda hospitali sasa hivi."

"Tumngoje Kiilu."

"Kiilu atatukuta huko."

Jirani yao, Matheka, alikuwa na pikapu ya makaa. Nthoki alimtoa kwenye chakula chake cha mchana. Asenath aliketi mbele, akiwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili, na Nthoki akapanda nyuma kwenye vumbi la makaa na shuka mbili safi kifuani.

Hospitalini daktari aliyempokea aliitwa Hared, kijana bado, mwenye sauti ya chini. Alimpima presha, akaifungua ile mashine, akaifunga tena mkononi na kupima upya. Asenath aliusoma uso wake.

"Umesema una kipande cha figo tu. Kilipimwa mara ya mwisho lini?"

"Zamani."

"Zamani lini?"

"Kabla ya ndoa. Niliogopa, daktari."

Hakumgombeza. Alivuta kiti. "Nikwambie wazi. Inaweza kuwa ni mimba ndiyo inakupandisha presha. Inaweza kuwa ni figo limechoka. Kwa sura mambo haya mawili ni mapacha, na pengine yote mawili yako hapa. Tutajua mtoto akishatoka. Nikimwacha ndani mnaweza kufa wote. Nikimtoa, ni mdogo mno. Nataka kumpa siku chache zaidi, ukikubali."

Alikubali. Wakamlaza kwenye chumba chenye mapazia mazito, kila saa muuguzi akija na ile mashine. Asenath alilala chali akisikiliza mwili wake kama mtu anayesikiliza mwizi darini. Je, figo linafanya kazi sasa? Na sasa? Halikutoa sauti. Siku ya tatu alisikia harufu ya kitu kinachoungua, akataka kumuuliza Nthoki kama na yeye anaisikia, na ulimi ukakataa kugeuka.

Alipozinduka tumbo lilikuwa limelala na lina bandeji. Alikuwa ameshikwa na kifafa cha mimba, wakampasua. Nthoki alikuwa kando ya kitanda, macho mekundu.

"Msichana," Nthoki alisema. "Mdogo kama kinda. Analia lakini."

"Mkojo wangu?"

Nthoki hakuelewa. Asenath alielekeza macho kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inia chini ya kitanda. Ulikuwa na maji kidogo sana, ya rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa.

Siku mbili mfuko ule haukujaa. Daktari Hared alikuja asubuhi na jioni, akauinua kwenye mwanga, akaurudisha, akaondoka. Alichoomba Asenath kila mara ni kuletewa mtoto, na kila mara walimwambia hawezi kutolewa kwenye sanduku lake la joto. Usiku wa pili alimwambia Mungu kwa sauti kabisa, mgonjwa wa kitanda cha jirani akisikia, kwamba hajamwona mtoto wake usoni na si haki.

Asubuhi yake muuguzi aliinama, akauangalia mfuko, akamwita mwenzake. Ulikuwa umejaa nusu, na mkojo ulikuwa wa manjano.

Kiilu alifika mchana huo, na nguo za safari, akiwa ameelezwa yote na mama yake pale korido. Aliketi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenioa?"

Kiilu aliangalia mikono yake. "Sijui," alisema.

Jibu hilo lilimuuma Asenath siku nyingi. Lakini kwa kuwa alilisema hivyo, bila kulipamba, ndiyo maana alimwamini aliposema baadaye kwamba haendi popote.

Baada ya wiki sita Daktari Hared aliwaambia walichokuwa wanangoja. Kipande kilikuwa hai, ila kilikuwa kimepoteza sehemu ya nguvu zake, na hizo hazingerudi. Angemeza vidonge vya presha maisha yake yote. Na asibebe mimba nyingine. Kaka za Kiilu waliposikia habari ya mtoto mmoja tu, tena wa kike, walianza kunung'unika. Nthoki akawaambia kama wanataka mvulana zaidi, wakamzae wenyewe.

Tangu hapo Asenath hakukosa kliniki tena. Hofu haikumwachia, na kila mwaka alianza kukosa usingizi juma lile lile kabla ya kupimwa, ila sasa alilala macho na mtu wa kumwambia. Mwaka wa 1988 daktari aliangalia majibu ya damu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Kimesimama," alisema. "Palepale kilipokuwa mwaka jana na mwaka juzi."

"Kusimama ni vizuri?"

"Kwako wewe, mama, ni vizuri sana. Mwaka ujao tuone."

Nthoki alikuwa kwenye benchi la nje na mjukuu aliyeitwa jina lake, msichana wa miaka mitano mwenye miguu miembamba na mdomo usiotulia. Aliutazama tu uso wa Asenath akitoka mlangoni, akashusha pumzi, akaanza kumvalisha mtoto viatu.