Kovu Alilopewa Kaloki

Jumatatu ile korti ilikuwa na joto la kukaanga karanga, na feni ya darini ilizunguka kwa kujilazimisha. Ndunge, mwanafunzi wa saikolojia ya uhalifu na sheria katika chuo kimoja hapo Machakos mjini, alikuwa ameketi benchi ya nyuma akijipepea na kitambulisho chake. Alikuwa amekuja kuwasoma mashahidi: vile mtu anavyokumbuka yaliyokuwa, na vile anavyokumbuka hata yasiyokuwa. Kando yake Mama Kamanthe wa Katangi alikuwa amepakata kikapu, macho hayabanduki kwa mwanawe kizimbani.

Mwanawe, Kaloki, alikuwa fundi wa pampu, mfupi, wa mashavu ya kushiba, na mwanya wa mbele ambao mamake aliusifu hata kwa watu asiowajua. Alishtakiwa kuiba pampu ya maji ya Mzee Reuben. Sababu ilikuwa kwamba mke wa mzee alikuwa amemletea pampu hiyo aitengeneze, naye akaitengeneza vizuri mno, akairudisha, kisha ikaibwa. Koplo Onesmus, mpelelezi, aliona kwamba mtu anayeielewa pampu hivyo lazima aitamani.

"Mzee, huyo mwizi alikuwa mtu wa namna gani?" mwendesha mashtaka akauliza.

"Alikuwa mrefu," Mzee Reuben akasema, kofia mkononi, kwa sauti ya mzee wa kanisa.

Kaloki akarefuka. Alipanda taratibu, kama unga wa mandazi uliowekwa karibu na jiko, mpaka suruali ikaishia katikati ya miundi. Karani wa korti akainuka, akapandisha maikrofoni, akaketi.

"Ako na kovu hapa, shavu la kushoto," mzee akaendelea. Kovu likatokea, kavu, la zamani kabisa. "Sura nyembamba." Mashavu yakaenda. "Aliponiona akacheka. Meno yamepangana vizuri, hakuna mwanya."

Kaloki akafunga mdomo haraka, lakini alikuwa amechelewa.

Mama Kamanthe akasonya. "Hiyo suruali nilimnunulia juzi tu," akamwambia Ndunge. "Sasa kitambaa cha kuongeza nitatoa wapi?"

Hakimu, mama mpole wa miwani, aliandika kwamba korti imejionea kovu kwa macho yake. Akamwuliza mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi.

"Niko na moja," Kaloki akasema. "Mzee, mimi ni mfupi. Huoni?"

Mzee Reuben aliinua shingo mpaka akampata. "Naona mrefu, kijana wangu," akasema kwa huruma.

Watu walicheka mpaka askari akawanyamazisha. Ndunge hakucheka. Alikuwa amekasirika, maana mambo haya yote alikuwa amefundishwa darasani, ila mhadhiri hakuwahi kusema kwamba hata suruali huathirika.

Jumamosi akafunga safari hadi Katangi. Mzee Reuben ana sifa moja inayojulikana mpaka Kithimani: mgeni hatoki kwake mikono mitupu. Ndunge aliwekewa chai, akawekewa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, sahani ikafurika, na alipodhani amemaliza akaongezewa. Ndipo akauliza polepole, kwa adabu, mzee aliona nini hasa siku ile.

"Niliona mgongo," Mzee Reuben akasema bila wasiwasi. "Jua lilikuwa limeingia. Mgongo na pampu yangu, vinaenda."

"Na kovu, baba?"

"Aa, kovu ilikuja na Afande Onesmus. Alitoka huko kote na bodaboda, jua linawaka, vumbi mpaka kwa nyusi. Akaniuliza, 'Mzee, alikuwa mrefu?' Sasa nimwambie arudi hivyo hivyo? Nikampa urefu. Akauliza kama alikuwa na kovu, nikampa kovu. Meno pia ni yeye aliuliza. Alikuwa amechoka, maskini."

"Kwa hivyo si kweli?"

"Wee! Ni kweli kabisa. Saa hii nikifunga macho naiona mpaka vile inang'aa." Na alipofunga macho, Ndunge aliona wazi kwamba anaiona. Hapakuwa na uongo hata chembe usoni pake, na hilo ndilo lililomwogopesha.

Akamsihi aiambie korti aliona mgongo tu. Mzee akamtazama: viatu vimejaa vumbi, midomo imekauka.

"Nitasema, mwanangu. Umetoka mbali." Akamtilia papai mbili kwenye mkoba.

Saa hiyo hiyo, huko rumande, Kaloki alirudi kimo chake na mwanya ukafunguka. Siku zote mpaka kesi iliposikizwa tena, suruali ilimkaa sawasawa, na Mama Kamanthe aliacha kutafuta kitambaa.

Siku ya kesi Mzee Reuben akasimama na kusema, "Niliona mgongo tu." Ndunge alikunja ngumi kwa furaha. Kaloki kizimbani alicheka, mwanya wote nje. Kisha mwendesha mashtaka akainuka, akajipangusa jasho.

"Mzee, leo nimeacha mtoto mgonjwa nyumbani nikaja kwa sababu ya kesi yako. Si ulisema mrefu? Si ulisema kovu?"

Mzee Reuben alimtazama yule mtu, macho mekundu, kola imelowa. Moyo ukamwuma.

"Nilisema," akasema. "Eeh. Ako na kovu."

Karani akainuka kupandisha maikrofoni.

Ndunge alitoka hapo moja kwa moja hadi kituo cha polisi kumtafuta Koplo Onesmus. Alimkuta kaunta, na kabla hajafungua mdomo akaingia mtu akisukuma baiskeli. Alikuwa Josphat, jirani ya Mzee Reuben, na juu ya keria kulikuwa na pampu. Josphat alikuwa ameokoka Jumapili na hakuwa amelala vizuri tangu siku hiyo.

"Afande, ni mimi niliiba. Kaloki hajui chochote. Pampu ndiyo hii."

Onesmus alimzunguka, akamsimamisha kwenye mlango apime kimo, akamgeuza shavu kwenye mwanga.

"Wewe huwezi kuwa," akasema. "Mwizi wetu ni mrefu."

"Lakini pampu, afande."

"Pampu ya kesi iliibwa na mtu ako na kovu. Hii iliibwa na nani?"

"Mimi."

"Basi si hiyo. Enda nyumbani ukamwagilie miche yako."

Ndunge akapiga kaunta kwa kiganja. "Afande, mwizi ndiye huyu, amekuja na miguu yake!"

"Dada, wewe ni msomi," Onesmus akajibu, na kweli alionekana kuumizwa. "Unataka nishike mtu hafanani na maelezo?"

Josphat alisubiri kidogo, iwapo watabadili nia. Halafu akageuza baiskeli akaenda zake na pampu. Kaloki akafungwa miaka mitatu, na hakimu akamtakia afya njema.

Siku ya kutembelea wafungwa, Ndunge alimsindikiza Mama Kamanthe. Ng'ambo ya waya alisimama mtu mrefu mwenye kovu. Mama Kamanthe akamwamkia vizuri, kisha akachungulia nyuma yake kuona kama mwanawe anakuja.

"Ni mimi, mwaitu," mtu yule akasema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na sauti iliyolitamka neno ilikuwa ileile iliyomwita akichemsha uji miaka nenda miaka rudi.

"Kumbe," mama akasema. "Lakini wewe si mrefu, Kaloki. Wewe kimo ulitoa kwa nyanya yako, alikuwa anapita chini ya kamba ya nguo bila kuinama." Kaloki akashuka. "Na mashavu yako hata kiangazi hayakuwahi kuisha." Mashavu yakarudi. "Na huo mwanya ni wa babako. Alinichekea nao sokoni Kithimani, nikasahau hata kilichonipeleka huko."

Mwanya ukafunguka. Kaloki akacheka, mamake akacheka, na Ndunge akajikuta analia na kucheka pamoja, hajali nani anaona.

Askari wa jela akasogea, kijana mwenye heshima. "Mama, mmeongea vizuri. Lakini jioni tunahesabu watu, na huyu wa mwanya hatuna. Yule wa kovu akikosekana, hiyo ni kutoroka. Wataongeza miaka." Akainamisha kichwa. "Mimi pia niko na mama."

Mama Kamanthe akamgeukia Ndunge, yule msomi. Ndunge akamwokotea leso iliyokuwa imemwanguka.

Basi mama akajifunga leso upya, akasimama wima.

"Ni mrefu," akasema, na Kaloki akapanda. "Sura nyembamba. Ako na kovu, shavu la kushoto." Macho yake yalikuwa mdomoni mwa mwanawe.

"Na meno, mama?" askari akauliza kwa upole.

"Yamepangana vizuri," Mama Kamanthe akasema. "Hakuna mwanya."

Kengele ikalia. Kaloki akarudi ndani akiinama mlangoni, na jioni walipohesabu wafungwa, hesabu ikapatana.