Samaki wa Dereva wa Maji

Keekee ya injini ya kutobolea barafu ilikohoa mara mbili, ikatema moshi wa buluu, ikanyamaza ikiwa imezama kwenye barafu hadi shingoni.

"Imekufa?" aliuliza Uviluq kutoka kwenye sleji, alikofungwa kwa ngozi za kulungu na mablanketi hadi ikabaki pua tu.

"Haijafa, mke wangu. Imepumzika."

"Mimi nikisema nimepumzika mnaniitia ndege."

Qamaniq aliivuta kamba ya injini mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili kamba ilibaki mkononi mwake, akaitazama kama mtu aliyeshika mkia na mbwa mwenyewe keshaondoka.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mkewe sabini na minane. Kijijini hakuna aliyeshangaa. Qamaniq wa kwanza, mume aliyemwoa Uviluq wakiwa vijana, alifariki miezi miwili kabla huyu hajazaliwa, na huyu akapewa jina lake. Na anayepewa jina hupewa pia ukoo mzima wa mwenye jina, wake na wakwe na lawama zao. Kwa hiyo tangu yuko kwenye nepi, Uviluq alimwita mume wangu. Alimshonea soksi za manyoya. Alimkaripia kwa makosa ambayo marehemu aliyafanya kabla ya redio kufika kijijini. Kila msichana aliyeonekana naye dukani aliulizwa, kwa adabu zote, kama anajua kushona, kwa sababu bibi hakuwa tayari kuletewa mke mwenza wa kumtia hasara ya sindano.

Tatizo lilikuwa moja tu. Qamaniq wa kwanza alikuwa mvuvi hasa, mtu ambaye watu walidai samaki walimjua kwa mlio wa hatua zake. Qamaniq wa pili aliendesha gari la maji. Kila siku alilinyonya ziwa Tasirjuaq kwa bomba na kuligawa nyumba kwa nyumba. Alikwisha kuwahamishia watu nusu ya ziwa majikoni mwao, isipokuwa samaki. Samaki hajawahi kumtoa hata mmoja. Alipokwenda kuvua na wenzake, wenzake walirudi na samaki, yeye na mafua.

Na sasa kulikuwa na ndege. Kesho saa nne asubuhi ingempeleka Uviluq hospitali ya kusini, kutolewa uvimbe uliokuwa umejificha chini ya mbavu. Muuguzi alisema bila kuzunguka: bibi asipokula, hatakihimili kisu. Na hii ilikuwa siku ya sita bibi hajala. Supu aliisukuma. Mkate aliusukuma. Majirani walimletea samaki wanono, nyama nyekundu, akawanusa mmoja mmoja na kuwarudisha.

"Huyu kavuliwa na mume wa mtu mwingine," alisema. "Wangu yuko wapi?"

Wake alikuwa hapa, katikati ya ziwa, na kamba isiyo na injini.

"Mashine ya kutafutia inaonyesha samaki wawili chini yetu," alisema Qamaniq, akiinua kiskrini chake. "Mita ishirini."

"Wanasemaje?"

"Mke wangu, mashine haiongei na samaki."

"Basi inawachungulia tu kama mtoto mlangoni. Nipeleke kule kwenye jiwe jeusi."

"Kule maji hayafiki hata urefu wa watu wawili."

"Na mkuki wako una urefu wa watu wangapi?"

Qamaniq aliiacha keekee barafuni, akawasha pikipiki ya theluji. Alivuta sleji polepole hadi karibu na ufuko, ambako jiwe jeusi lilichomoza kwenye theluji. Uviluq akaamuru asimame, aende hatua nane, hapana, tisa, akwangue theluji. Barafu chini yake ilikuwa ya kijani iliyokolea, bila mapovu.

"Hapo. Sasa njoo uchukue mtaimbo. Nimeukalia tangu nyumbani, umenichubua."

Ulikuwa mtaimbo wa chuma wenye mpini wa mbao, mrefu kumpita Qamaniq, na juu yake palikuwa na kitanzi cha ngozi ya sili.

"Kitanzi mkononi kwanza," alisema bibi. "Barafu ikitoboka ghafla, mtaimbo huenda zake. Uliwahi kuiangusha miwili humu humu. Ukarudi nyumbani ukasema umenyang'anywa na dubu."

"Samahani, mke wangu."

"Nilikusamehe. Lakini dubu sijamwamini mpaka leo."

Akaanza kupiga. Mwanzoni alipiga kwa hasira, kama anayemdai mtu, na vipande vikamrukia usoni. Uviluq alimwacha achoke. Alipochoka akamwambia aache chuma kianguke chenyewe, kazi yake iwe kukiinua tu. Apige kando kando, akizunguka, kisha ateke vipande kwa upawa wenye matundu. Shimo likaanza kushuka. Lilifika gotini, likafika pajani. Qamaniq alivua glavu za juu, akafungua koti, jasho likamganda kwenye nyusi. Jua la mwisho wa Aprili lilikaa juu ya vilima kama mgeni asiyejua saa za watu. Mara mtaimbo ukapita bila kugonga kitu, kitanzi kikamkaza kifundo cha mkono, na maji yakapanda shimoni taratibu, meusi, yakajaa hadi karibu na ukingo.

Alimtazama mkewe kwa fahari. Mkewe alikuwa amefumba macho.

"Uviluq?"

"Nasikiliza. Usiniite kwa jina, mimi si mpita njia."

Alikata matofali ya theluji akajenga kiukuta cha kuzuia upepo, kisha akambeba bibi kutoka kwenye sleji. Alikuwa mwepesi kiasi cha kutisha. Soksi zake zilikuwa nzito kuliko miguu. Alimkalisha nyuma ya ukuta, akatandika ngozi ya kulungu kando ya shimo, akalala kifudifudi, kofia ya koti imefunika shimo lote kuzuia mwanga.

Mwanzoni aliona giza. Baadaye giza likapata rangi. Akaona mawe ya chini, ya mviringo, yamejipanga kama mikate. Miaka kumi na mmoja amelinyonya ziwa hili kwa bomba, na hakuwahi kujua kama lina sakafu.

"Mwambie kisamaki ashuke," alisema Uviluq.

Kisamaki kilikuwa chambo cha mfupa, kidogo kama kidole, kimefungwa kwenye uzi. Mkono wa kushoto ulikichezesha, mkono wa kulia ulishika mkuki wa meno matatu.

"Vuta mara mbili, mwache alale. Vuta mara mbili, mwache alale. Unafanya nini? Mbona unamtikisa hivyo? Unapiga kengele ya shule?"

"Wewe huoni hata mkono wangu!"

"Naona bega. Bega ndilo linalodanganya."

Alivuta mara mbili, akaacha. Baridi ilimpanda kutoka tumboni. Saa moja ikapita, labda zaidi. Ndipo kivuli kikatoka upande wa jiwe, kirefu, bila haraka, tumbo jekundu. Qamaniq alirusha mkuki kwa nguvu zote. Maji yalimrukia puani. Aliponyanyua meno matatu, yalikuwa na kokoto moja.

Uviluq alicheka mpaka akashika mbavu, pale penye uvimbe, akaendelea kucheka.

"Kokoto haina miiba, angalau," alisema alipopata pumzi. Kisha sauti yake ikashuka. "Usirushe. Uzamishe mkuki kwanza, ukae majini, samaki auzoee. Na pale unapomwona, hayupo. Yupo chini kidogo ya pale. Halafu usipige, sukuma tu. Kama unafunga mlango wa chumba alimolala mtoto."

Akalala tena. Aliuteremsha mkuki ndani ya maji, ukakaa. Vuta mara mbili, acha. Aliacha kufikiria ndege. Aliacha kufikiria uzito wa yule mwanamke mikononi mwake. Wa pili alipokuja, alikuja mkubwa zaidi, akasimama chini ya kisamaki, mdomo nusu wazi, akikifikiria. Qamaniq alilenga chini kidogo ya pale alipomwona, na akafunga mlango.

Mpini ukatetemeka hadi mabegani. Alinyanyuka kwa magoti, akipiga kelele ambazo si za lugha yoyote, na samaki akatua kwenye theluji, akajikunja mara tatu, akatulia. Alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima, ubavu wake una madoadoa mepesi kama ya chumvi.

Hakungoja. Alichomoa kisu, akakata kipande cha shingoni, kinono kabisa, akampelekea mkewe kwa mikono miwili.

"Kula. Kavuliwa na mume wako."

Uviluq alikipokea. Pua ilifunguka. Baada ya siku sita, mate yalimjaa, Qamaniq aliona koo lake likimeza kabla ya kipande kufika. Alikileta mdomoni. Midomo ilikigusa.

Akasita hapo hapo.

"Umewahi kuvua samaki kabla ya huyu?"

"Unajua sijawahi. Kula."

"Nani alikukata kitovu?"

Qamaniq alizaliwa kabla ya siku zake, katika dhoruba iliyoizuia ndege kwa siku nne, na aliyemkata kitovu alikuwa Panikpak, mwanamke wa pale kijijini. Samaki wa kwanza wa mtu ni wa mkono uliomkata kitovu. Mzima, kichwa hadi mkia. Na Panikpak na Uviluq hawakuwa wamesemeshana kwa miaka miwili, tangu mchezo fulani wa karata ambao kila mmoja aliusimulia tofauti.

"Panikpak," alisema. "Lakini mke wangu, sikiliza. Wewe mwenyewe unasema mimi ni yeye. Yeye kavua samaki maelfu. Kwa hiyo huyu si wa kwanza."

Bibi aliyafikiria hayo. Ilikuwa hoja nzuri, na alikuwa na njaa.

"Yeye hakuwahi kutoa kokoto," alisema hatimaye. Akakirudisha kipande mahali pake kwenye shingo ya samaki, akakibandika kwa kidole gumba kama anayetia kiraka. "Nikimla huyu, hutapata mwingine maisha yako yote. Na mimi nikirudi kutoka kusini, atanilisha nani?"

Qamaniq alifungua mdomo kubishana, kisha akalisikia vizuri lile neno. Nikirudi. Kwa siku sita hakuna aliyemsikia akilitamka neno hilo. Alikuwa amegawa sufuria zake. Alikuwa amegawa hadi sindano.

Alimfunga samaki kwenye gunia, akambeba mkewe hadi kwenye sleji, akaielekeza pikipiki kijijini.

Panikpak alimpokea samaki mlangoni akiwa na aproni. Alimpima kwa macho, akamwona ana kiraka shingoni. Kisha akatoa ukelele uliofungua madirisha ya nyumba tatu, akamshika Qamaniq masikio yote mawili kama mtoto mchanga na kumnusa mashavu. Dakika tano baadaye alikuwa kwenye redio ya kijiji.

"Mtoto niliyemkata kitovu, yule wa gari la maji, amevua. Ndiyo, amevua. Miaka thelathini na mmoja, msicheke. Njooni mle. Wote mje. Hata wezi wa karata."

Nyumbani kwake, Uviluq aliisikiliza redio hadi mwisho.

"Mwizi wa karata ni yeye," alisema, na akaanza kupekua droo. "Kisu changu kiko wapi? Nilimpa nani kisu changu?"

Watu walikaa sakafuni kwa Panikpak kuzunguka kadibodi, samaki katikati, wanawake na visu vyao vya nusu mwezi. Panikpak aligawa. Alipofika kwa Uviluq, ambaye alikuwa na kisu cha kuazima, alimwekea kile kipande cha kiraka bila kumtazama, akaendelea kuongea na mtu mwingine. Uviluq alikiuma, akakata kando ya mdomo. Alitafuna kwa muda mrefu. Akakata tena. Chumba kizima kilijifanya hakioni.

"Mtoto wako anavua vizuri," alimwambia Panikpak, maneno ya kwanza kwa miaka miwili. "Mume wangu bado namngoja."

Asubuhi Qamaniq hakwenda uwanja wa ndege. Alikwisha kuagana naye kwa namna ya mume na mke wa siku nyingi, yaani alimbebea mfuko hadi garini na kukaripiwa kwamba anaubeba vibaya. Sasa alikuwa amelala kando ya jiwe jeusi, kofia imefunika shimo, mkuki umezama majini, unazoewa. Vuta mara mbili, acha alale.

Saa nne na robo mngurumo wa ndege ulitoka upande wa kijiji, ukapanda, ukapita juu yake hadi barafu ikatetemeka kidogo chini ya kifua chake na maji yakapata mikunjo. Hakuinua kichwa. Alisubiri mikunjo itulie. Chini, upande wa jiwe, kitu kirefu kilikuwa kinakuja, bila haraka.