Bido ya Mwalimu

Mama Munezero aliona bido, dumu la plastiki, kabla ya kumwona mtu aliyeibeba. Bido ya njano, imezibwa kwa gunzi la mahindi, na hapa mtaani Mapendo hata kipofu anajua kinachozibwa hivyo: kasiksi, pombe ya ndizi. Akainua macho. Aliyeibeba alikuwa Mwalimu Cyprien, kiongozi wa kanisa lao, yule yule anayewafundisha kila mwaka kwamba mdomo unaomwimbia Mungu hauonji pombe.

"Haya," alijisemea. "Za mwizi ni arobaini."

Tusimwonee. Mama huyu alikuwa shemasi, na kanisa alilipenda kweli. Ila shaka ilikuwa ugonjwa wake. Mboga ikizidi chumvi, yeye anauliza nani alikuwa jikoni na alikuwa na nia gani. Ni yeye aliyemwambia Mwalimu kwamba Papa Habarurema, muuza maziwa na mzee wa kanisa, anaingia kwa mufumu, mpiga ramli wa kule Kibati. Si alimwona mwenyewe akitoka mlangoni? Mwalimu akaamini, akamwondoa muzee kwenye kiti chake mbele ya waumini wote. Tangu hapo watu wakamwita mchawi, wakaogopa kununua maziwa yake. Mama Munezero yeye alilala usingizi mtamu.

Na leo Mwalimu mwenyewe na bido! Ndiye aliyembatiza binti yake Daniella. Kama mkono ule ni wa mnafiki, kesho mama atasimama kanisani aombe Mwalimu afukuzwe. Lakini kwanza alitaka kumwona akimeza.

Mwalimu alipanda moto, pikipiki ya abiria, kuelekea Kibati. Mama akasimamisha nyingine.

"Mufuate yule, lakini usimukaribie."

"Ni bwana yako, mama?" dereva akauliza, anacheka.

"Weye angalia barabara."

Kule Kibati Mwalimu alishuka, akaweka bido begani, akapita katikati ya soko akisalimia watu kushoto na kulia. Hapo mama alishangaa kidogo, maana mwenye dhambi hupita vichochoroni. Akajijibu kwamba wanafiki wa siku hizi hawana haya. Akamfuata hadi kwenye ua wa mawe meusi ya volkano, akamwona anaingia. Ulikuwa ua wa Papa Habarurema.

Kumbe wako pamoja, mchawi na mlevi! Akajibanza nyuma ya ukuta na kuchungulia.

Muzee alikuwa ameketi mlangoni, madumu yake ya maziwa yamepinduliwa chini, makavu. Mwalimu hakukaa. Alitua bido mbele yake.

"Muzee, nilikuhukumu bila kukuuliza," alisema. "Sasa nimejua. Mama ya yule mufumu ni mugonjwa, na weye ulikuwa unamupelekea maziwa bure. Kwenu Masisi mutu haombi musamaha mikono mitupu. Nimeleta."

"Nani alikuambia mimi ni mulozi, muchawi?"

"Mudomo uliokuhukumu mbele ya watu ni wangu. Unilaumu mimi."

Nyuma ya ukuta, mama alijua ni nani aliyemwambia. Mchimba kisima, wahenga walisema, na alikwisha kuingia.

Papa Habarurema alizibua bido, akajaza kikombe, akamnyooshea Mwalimu.

"Desturi unaijua. Aliyeleta anaonja kwanza, tuhakikishe hakuna sumu. Batu banakataa maziwa yangu sababu yako. Na mimi nikunywe yako hivi hivi?"

Mwalimu alipokea kikombe. Tangu ujana wake hakuwahi kuonja pombe. Akinywa, fundisho lake lote limekwisha. Asiponywa, muzee atabaki mchawi mpaka kaburini. Akafumba macho na kukiinua kikombe.

Mama Munezero aliona aibu ambayo hajawahi kuiona maishani mwake. Alikuja kumkamata mtu huyu, na mtu huyu alikuwa akiumeza uongo wake yeye. Akaingia uani.

"Mwalimu, acha. Jambo, muzee. Aliyesema ni mimi. Nilikuona unatoka mulangoni, sikukuuliza kitu. Basi aonje mwenye kosa."

Alichukua kikombe mkononi mwa Mwalimu, akanywa. Ilikuwa chachu, na ilimkwaruza koo mpaka machozi yakamtoka. Akampa muzee kikombe kwa mikono miwili.

Muzee hakukipokea. Alimtazama usoni, shingoni, mikononi, kama mtu anayengoja kuona kama ataanguka.

"Kesho utasema hivyo kanisani, mbele ya batu bote?"

"Nitasema."

"Onja tena," alisema muzee.

Mama Munezero akaonja tena.