Debe la Flavian

Tunutu wa kwanza alimrukia Flavian gotini, akatua, akatulia. Flavian hakumpangusa. Alisimama katikati ya nyasi zilizompita kimo, fimbo mkononi, akamtazama yule mtoto wa nzige asiye na bawa hata moja, kisha akainua macho polepole na kuona nyasi zote za mbele yake zinatikisika, ilhali upepo haukuwapo. Mtu mwingine angeshukuru. Kuwatafuta hao ndiyo kazi iliyomshusha kutoka Kasense, kwenye baridi ya Ufipa, mpaka huku bonde la Rukwa ambako jasho halikauki. Na mwenye kuwaona kabla hawajaota mabawa amewaokolea watu wa juu mahindi na ulezi wao. Flavian hakushukuru. Aliogopa.

Aliogopa kwa sababu mwaka jana pia aliwaona.

Mwaka jana, mvua kama hizi, alikuwa ametembea porini peke yake wiki nyingi mno, halali vizuri, hali vizuri, hana wa kuzungumza naye. Akaanza kusikia mabawa. Kwanza usiku, halafu na mchana. Hakumwambia mtu; angemwambia nani, na angeanzia wapi? Siku moja akaingia kambini anapiga debe la kuitia watu, akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake kwamba bonde limefunikwa na nzige. Wenzake wakatoka mbio na lori la sumu, likazama kwenye tope, wakalisukuma kutwa nzima, na walipofika hapakuwa na kitu ila nyasi. Hapo ndipo Flavian alipoanza kujipangusa, anawatoa mikononi, anawatoa shingoni, nzige ambao hakuna mwingine aliyewaona. Wakamfunga kamba wakampandisha kwao. Bertilla, mkewe, ndiye aliyeifungua ile kamba, akakaa naye mpaka akaweza tena kulala.

Kurudi kazini mwaka huu kuliwezekana kwa sababu ya mtu mmoja. Halfani, msimamizi wa kambi, alizaliwa kwenye familia ya wenye maduka pale Sumbawanga lakini kukaa nyuma ya kaunta kulimshinda. Alikwenda mwenyewe kwa Bwana mkubwa, Mwingereza, akamwombea Flavian. Bwana mkubwa alikubali kwa shingo upande: akikosea tena, mnaondoka wote wawili. Hilo Halfani hakumficha. Lakini hakumuuliza hata mara moja yale mabawa yalikuwaje, na wengine nao hawakuuliza. Walimwonea huruma kwa namna yao: walimnyang'anya lile debe, wakampa eneo la karibu kabisa na kambi, ambako tangu kambi ijengwe hajaonekana tunutu hata wa dawa. Walimpa mahali pasipo na kitu ili asione kitu. Na nyuma yake wakamwita Mabawa, wakidhani hasikii. Sasa mtu anayesikia hata visivyokuwapo, jamani, atashindwa kusikia jina lake?

Akamchukua yule wa gotini, akamfumba kiganjani. Miguu ikamkwaruza. Mwaka jana nayo ilimkwaruza hivihivi.

Angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Hakuna aliyemtarajia kuona lolote. Wangekua, wangeota mabawa, wangepanda ukingo wa bonde, na siku ambayo Bertilla angesimama shambani mbele ya mabua matupu, hakuna ambaye angejua kwamba mumewe aliwaona wakiwa bado wanarukaruka. Ila yeye angejua. Flavian alikimbia.

Kambini lori lilikuwa linanguruma, magunia ya pumba zilizochanganywa na sumu yamepangwa na kufungwa. Ng'ambo ya mto Bwana mkubwa alikuwa anangoja. Kule tunutu wameonekana, wala hilo halikuwa na ubishi. Mto nao ulikuwa unajaa. Tadei, dereva, alikwisha kushika usukani.

"Shikamoo, Bwana Halfani," alisema Flavian, pumzi zimemwisha.

"Marahaba. Mbona unahema hivyo?"

"Nimewaona. Kwenye eneo langu."

Tadei akacheka puani. "Pale tunapookota kuni kila siku? Kaka, tuhurumie. Sisi tuna safari."

Flavian akafumbua kiganja. Alikuwa amebana mno njiani. Kilichobaki ni ute wa kijani na kijiti kimoja chembamba, ambacho kingeweza kuwa mguu wa mdudu na kingeweza kuwa kikonyo cha nyasi. Tadei akainama dirishani, akatazama.

"Jani hilo," alisema, safari hii bila kucheka.

Flavian alitazama kiganja chake mwenyewe, na aibu ikamjaa mpaka masikioni, maana hata yeye hakuweza kusema ni nini.

"Flavian," alisema Halfani. Uso ulikuwa umemkaza. "Lori hili likichelewa mto utajaa, na ng'ambo watakosa sumu. Wewe unajua, na mimi najua tuliambiwa nini. Una hakika?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Apige kiapo, ajipige kifua, alie. Mwaka jana alifanya hivyo, na walimwamini.

"Sina," alisema.

Tadei akazungusha macho. Halfani hakusogea.

"Sina hakika, Bwana Halfani. Nimewaona, na huyu nilimshika. Lakini na mwaka jana niliwashika. Mabawa bado nayasikia, siku nyingine hata kanisani. Sijui hawa wa leo wako kwenye nyasi au wako kichwani mwangu. Nimekuja unisaidie kutazama."

Lori liliendelea kunguruma. Halfani aliutazama upande wa mto, akamtazama Flavian, akautazama mto tena.

"Zima gari, Tadei."

"Bwana, maji hayo yanapanda."

"Nimesema zima. Ukiulizwa, sema nilikuzuia mimi." Akachukua debe lililokuwa limetundikwa kwenye nguzo ya hema. "Mwaka jana uliapa mpaka na makaburi," alimwambia Flavian. "Leo umeniambia huna hakika. Haya, twende."

Waliingia kwenye nyasi, Flavian mbele.

"Huwa yanakujaje?" aliuliza Halfani nyuma yake.

"Nini?"

"Hayo mabawa."

Flavian karibu asimame. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo isipokuwa Bertilla. "Yanaanzia nyuma ya sikio," alisema. "Taratibu, kama mtu anapepeta ulezi chumba cha pili. Halafu anasogea."

"Niliogopa kukuuliza. Nilidhani nikiyataja yatarudi."

"Hayakuondoka."

Walipofika, Flavian alisimama. Mbele yake nyasi zilikuwa zinachemka kwa tunutu, kila bua lina mzigo wake. Akageuza macho. Hakutaka kuziangalia nyasi, alimwangalia Halfani. Na Halfani alikuwa amesimama tu, anatazama, uso hauna habari yoyote. Kutoka mbali ulisikika mto. Flavian akamwona Bertilla anafungua tena kamba, akamwona na Halfani anarudi Sumbawanga kukaa nyuma ya kaunta ya ndugu zake, na yote kwa kosa lake.

Ndipo Halfani, macho yake bado mbele, akanyanyua mkono na kujipangusa bega. Akajipangusa na shingo. Kisha goti.

"Ya Rabi," alisema kwa sauti ndogo. "Wamejaa."

Flavian alichuchumaa palepale, akaficha uso, akalia. Halfani alimwacha alie, akasimama karibu naye huku anajipangusa.

"Hawa hawana mabawa," alisema Flavian alipoweza.

"Hawana. Bado wadogo."

"Mimi nayasikia. Hata sasa hivi, huko juu."

Halfani akainamisha kichwa, akasikiliza, na alisikiliza kwa kweli, kwa muda mrefu.

"Mimi siyasikii," alisema. "Hayo ni yako peke yako. Yakizidi uniambie, hata kama nimelala." Akamnyooshea debe. "Shika. Eneo ni lako."

Flavian aliinuka akalipokea. Pigo la kwanza likatoka baya, la pili likanyooka. Akapiga, akapiga, tunutu wanamrukia kifuani, mpaka alipoacha ghafla na kugeuzia sikio upande wa kambi.

"Umelisikia lori, linakuja huku?" aliuliza.

"Nimelisikia," alisema Halfani.