Mlinzi Asiyejihesabu

Ofisini walimwita Bwana Sifuri. Jina hilo alijipa mwenyewe, na hilo peke yake lingetosha kumtambulisha. Kazi yake ilikuwa kutunza vyumba vya mtandao ndani kabisa ya kiini cha mashine za kampuni. Si vyumba vya matofali. Mteja akija, mashine humkatia chumba chake, chenye anwani zake na milango yake, asionane na jirani. Akiondoka, chumba hubomolewa, ila si wakati kuna programu bado imekishika. Kila programu inayoingia huongeza moja kwenye hesabu, ikitoka hupunguza moja, na hesabu ikifika sifuri ndipo chumba huvunjwa. Ukivunja mapema, mashine nzima huzimika. Ukisahau kupunguza, chumba hubaki milele, kitupu, kikila nafasi ya bure.

"Hesabu zangu zote huishia sifuri," alipenda kuwaambia watu ambao hawakumwuliza.

Basi wiki ile mashine zikaanza kulalamika. Kila sekunde kumi, mstari uleule kwenye skrini: Nasubiri chumba kiachiwe. Washikaji: 1. Vyumba vilivyokufa vikarundikana, elfu moja, elfu mbili, ikawa kila asubuhi lazima mashine zizimwe na kuwashwa upya, huku wateja wakipiga simu na matusi.

Bwana Sifuri hakutoka jasho kumtafuta mkosaji. Shida ilianza Jumatatu, na Jumatatu ndiyo siku moduli ya Mama Pacha, kipande cha programu alichokiandika, ilipoingizwa kazini. Mama Pacha, mama wa mapacha, alikaa meza ya pili kutoka kwake, na miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa inaisha Ijumaa. Moduli yake ilifungua vyumba vya dakika moja tu, ikamaliza shughuli, ikavifunga. Nani mwingine? Hata Mpekuzi alisema hivyo.

Mpekuzi ilikuwa moduli ya Bwana Sifuri mwenyewe, na aliipenda kupita kiasi. Kila dakika ilizunguka vyumba vyote na kuorodhesha nani ameshika nini. Katika kila chumba kilichokwama, orodha ilionyesha wote wameondoka, amebaki mshikaji mmoja asiye na jina. Bwana Sifuri akampa jina: Mama Pacha. Akaandika barua pepe kwa ofisi nzima, kichwa chake "Kikulacho ki nguoni mwetu", akipendekeza moduli ile iondolewe na mwandishi wake "apewe nafasi ya kujifunza kwingine". Sentensi hiyo aliisoma mara tatu, akajiona mpole. Mkuu wa kitengo akajibu: Alhamisi saa tisa, uje na ushahidi.

Alhamisi mchana alikwenda kula nyumbani, mtaa wa nyuma tu. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kusaidia kumlea mtoto wa miezi minne. Bwana Sifuri alikula, akanawa, akanyata mpaka mlango wa chumbani, akaufungua kuona kama mtoto amelala. Mtoto akafumbua macho na kuangua kilio.

Mama mkwe akatoka jikoni akijifuta mikono. Hakuwahi kumpandishia mkwewe sauti, na hata sasa hakumpandishia.

"Baba, samahani nikuulize. Ulikuwa unatafuta kitu?"

"Hapana, mama. Nilitaka kuhakikisha amelala."

"Alikuwa amelala."

"Sasa mbona ameamka?"

Mama mkwe akamtazama kwa huruma. "Jana umekuja mara tatu, baba. Mara zote tatu alikuwa amelala, mpaka ulipokuja kuangalia. Mtoto hana shida huyu. Shida ni ukaguzi."

Bwana Sifuri akacheka kwa adabu, kisha akaacha ghafla. Mpekuzi anawahesabuje washikaji bila yeye mwenyewe kuingia chumbani? Na akiingia, si anaongeza moja?

Alirudi ofisini nusu akikimbia. Akaufungua msimbo wa Mpekuzi, yaani maagizo yanayomwendesha, ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Mpekuzi anaingia, anaongeza moja, anahesabu wenzake, anapunguza moja, anatoka. Safi. Lakini akikuta chumba kimeshaanza kufungwa, anageuzia mlangoni na kwenda zake bila kupunguza ile moja aliyoongeza. Zamani vyumba viliishi siku nzima, kwa hiyo hilo halikutokea. Vya Mama Pacha viliishi dakika moja, na Mpekuzi hupita kila dakika. Jina lake halikuonekana kwenye orodha kwa sababu juu kabisa ya msimbo, kwa mbwembwe, Bwana Sifuri alikuwa ameandika: Mlinzi hajihesabu.

Masikio yakamwaka moto kwa aibu. Ilikuwa saa nane na nusu na hakuna aliyejua. Angeweza kuongeza mstari mmoja kimyakimya, aseme tatizo limejiondokea, na Mama Pacha abaki na doa lake. Shetani alimpa hoja nzuri kwa robo saa nzima. Alipofungua daftari la marekebisho kwenye kompyuta ili aandike huo mstari, akakuta ombi la Jumanne ambalo alilifunga bila kumaliza kulisoma. Safari hii akalisoma lote.

Kwenye mkutano Mama Pacha alikaa karibu na mlango, mkoba umejaa magotini.

"Haya," akasema mkuu. "Tuonyeshe mshikaji."

Bwana Sifuri akasimama na karatasi. "Nasoma. 'Habari za kazi, kaka. Samahani kama nakosea. Naona Mpekuzi akikuta chumba kinafungwa, harudishi hesabu. Naomba utazame.' Ameandika Mama Pacha, Jumanne, saa nne kamili." Akageuza karatasi. "Jibu, saa nne na dakika moja. 'Dada, Mpekuzi nimeandika mimi.' Ombi likafungwa."

Mtu mmoja nyuma akapaliwa na chai.

"Mshikaji ni mimi," akasema. "Nilitaka ufukuzwe kwa kosa langu, dada. Nisamehe."

Mama Pacha aliutia mkoba begani. "Nimekusamehe, kaka. Lakini ile barua ilikwenda kwa ofisi nzima."

"Nitaandika nyingine leo hii."

"Andika sasa. Na kichwa kibaki kilekile, kinafaa."

Mama Pacha alisimama nyuma ya kiti cha Bwana Sifuri, mkoba begani, akisoma kila neno mpaka barua ilipoondoka. Ndipo akaenda mezani kwake, akafungua mkoba, akatoa kikombe chake na picha ya mapacha, akavirudisha vilipokuwa.