Peremende ya Dokman

Mama Pilgu anasema aliona kwa macho yake mawili, na wala hakuwa mbali. Alikuwa amesimama hatua tatu tu, anachagua figili, siku ya soko lililopita, pale chini ya turubai la Bibi Okbun anayeuza kangaga, ile mboga kavu ya mlimani. Mama Dokman akaja na furushi lake la kitambaa cheupe kichwani. Bibi Okbun akamwuliza, "Mwaka huu mafungu mangapi, dada?" Mama Dokman hakufungua kinywa. Alivua glavu, akainua vidole.

"Vinne," alisema Mama Pilgu. "Si vitatu. Vinne. Na macho yangu hayana ukungu."

Aliyasema hayo akiwa mlangoni pa jiko la Suran, hajavua viatu vyake vya mpira, theluji inamyeyukia mabegani. Suran alikuwa ameketi chini anamenya vitunguu saumu. Hakuinua kichwa.

"Labda fungu la nne ni la kula sisi," alisema.

"La kula ninyi! Akalipa bila kuomba apunguziwe? Mama mkwe wako? Yule aliyebishania kabichi moja mpaka mwuzaji akamwambia chukua bure uende zako?" Mama Pilgu alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Mimi sisemi kitu, mke wa Dokman. Nimesema nilichokiona tu."

Ndivyo alivyo Mama Pilgu, hasemi kitu kutwa nzima. Mwaka juzi alitangazia kijiji kizima kwamba nguruwe mwitu ameingia shuleni, watoto wakafungiwa darasani mpaka mchana, kumbe ni mbwa wa mwalimu. Alipokwisha kuondoka, Suran alijishikiza hapo, kwenye yule mbwa: huenda na vidole alivikosea.

Nyumba yao ilikuwa na wafu watatu: babu, bibi, na baba mkwe ambaye Suran hakumkuta. Asubuhi ya mwaka mpya huandaliwa meza, wakawekewa chakula na kumiminiwa kinywaji, na walio hai wakasujudu. Kila mfu na fungu lake la kangaga. Miaka minne tangu Suran aolewe, mafungu yalikuwa matatu.

Dokman, mumewe, alipanda mlimani mwezi wa kumi, alfajiri, kutafuta uyoga wa kwenye misonobari. Alibeba kikapu mgongoni, akasema atarudi kabla wali haujapoa. Watu walimtafuta siku kumi na moja, na mbwa. Walikiona kikapu. Kilikuwa kimeegemezwa kwenye mti vizuri, kama mtu aliyekiweka ili ajisaidie kidogo kisha arudi, na ndani mlikuwa na uyoga saba uliofunikwa majani usikauke. Halafu theluji ikaanguka, na mlima ukafungwa.

Tangu hapo kijiji kiligawanyika. Wako waliosema "Dokman alipokuwa hai," na wako waliosema "Dokman akirudi." Nyumbani kwao hakuna aliyesema hili wala lile. Kila jioni mama mkwe alipakua bakuli la nne la wali, kwani na mtoto wa Suran, Bori, alikuwa na lake dogo, akalifunika, akalisukuma chini ya blanketi pale sakafuni penye joto, lisipoe. Asubuhi alilila yeye mwenyewe, limekauka, na maji ya moto. Hata jana yake alifanya hivyo. Mtu anayewekewa wali usipoe, Suran alijiambia, hawezi tena kununuliwa kangaga ya wafu. Lazima iwe kimoja kati ya viwili.

Lakini alijua pia kwamba kumwuliza hawezi. Ataanzaje? Na akijibiwa ndiyo, je? Kwa desturi yao mama hamsujudii mwanawe. Dokman akiwekwa mezani, wa kummiminia na kumsujudia ni mkewe. Ni Suran, na Bori wa miaka mitatu ameshikwa mkono. Vidole vinne alivyoinua mama mkwe sokoni vilikuwa vimemfanya Suran mjane, na hakuna aliyemwuliza.

Tarehe ishirini na saba ilikuwa soko la mwisho kabla ya mwaka mpya. Walimwacha Bori kwa Mama Pilgu, wakashuka wawili kwa miguu, mama mkwe mbele, Suran nyuma na kikapu. Njiani Suran alifungua kinywa mara tatu. Mara ya tatu mama mkwe aligeuka.

"Funga hiyo skafu, mwanangu. Baridi yote inaingia kooni."

Suran akafunga skafu.

Soko lao lina sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Cha wazee, yaani wafu wa nyumba, hakipunguziwi bei. Unauliza, unatajiwa, unatoa. Ukiwabania wazee, na wao watakubania. Mwaka wa kwanza wa ndoa Suran alitaka kumwonyesha mama mkwe kwamba si mzembe, akaanza kulalamikia bei ya mapeasi ya mezani. Mama mkwe alimfinya kifundo cha mkono mpaka akatokwa na machozi, huku akimtabasamia mwuzaji. Baadaye akamwambia: cha wazee kwenye kitambaa cheupe, hakiwekwi chini, hakibishaniwi. Cha kula sisi kwenye kikapu, na hapo bishana mpaka sauti ikukauke. Na cha wazee kitoke kwa mkulima wa hapa hapa, si kwenye malori. Wafu hawakuzoea vya ugenini, utawapa wasijue ni nini.

Kwa hiyo mtu akijua kutazama, hana haja ya kuuliza. Suran alikuja kutazama.

Soko lilikuwa limejaa mpaka darajani. Moshi wa mkaa, maturubai ya bluu yanapigwa na upepo, wanawake wamechuchumaa nyuma ya vijilima vya figili na maharage na kunazi nyekundu, mikono imefichwa kwapani. Mama mkwe alianza kwa mwenye samaki.

"Huyu bei gani? Ana macho kama ya mkwe aliyefukuzwa."

"Mama, kaganda tu huyo, ni baridi."

"Basi punguza. Sikuja kununua barafu."

"Utanifilisi. Wanangu watasoma kwa nini?"

"Watasoma kwa samaki uliyemwuzia mjinga aliyenitangulia. Nilimwona, alikuwa anashukuru."

Watu walicheka, mwenye samaki naye akacheka, akapunguza, akatupia na dagaa wachache wa nyongeza. Mama mkwe aliwatazama wale dagaa, akanyoosha mkono, akaongeza wengine mwenyewe. Suran alifungua kikapu kupokea na moyo wake ukawa mwepesi kidogo. Huyu ndiye mama mkwe anayemjua. Mwenye msiba moyoni angepata wapi ulimi wa namna ile?

Kwa mwenye mapeasi mama mkwe alinyamaza. Alichagua taratibu, akigeuza kila tunda aone kama limechubuka. Suran alihesabu. Moja, mawili, matatu, manne, matano. Mama mkwe akasimama. Matano, kama kila mwaka. Yakaingia kwenye kitambaa cheupe, pesa ikatolewa, hapana neno. Matano, Suran alijirudia. Ni yale yale.

Mama mkwe alipogeukia kunazi, Suran alisogea hadi kwa Bibi Okbun, akachuchumaa mbele ya kangaga yake kama mteja.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "soko lililopita mama alichukua mafungu mangapi?"

Bibi Okbun alikuwa anakula kiazi kitamu cha kuchoma. Alitafuna mpaka kikaisha.

"Mwanangu, mimi nauza kangaga. Vidole vya watu sivihesabu."

"Lakini alichukua matatu au..."

"Hii hapa nzuri," alisema Bibi Okbun, akaanza kupanga mafungu ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Kisha, bila kumtazama: "Nyingi ya hii aliniletea mumeo mwenyewe, mwezi wa nne. Yeye alikuwa haivuni ikishakomaa. Wengine huleta vijiti." Akafuta mikono kwenye aproni. "Nenda, mama yako anakutafuta."

Hakuwa anamtafuta. Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya njia, furushi kichwani, watu wanampita huku na huku, ameelekeza uso upande wa mwisho wa soko ulikokuwa unatoka mlio wa mkasi. Ka-cha, ka-cha. Ni Mzee Bang, mwenye peremende za mahindi, anayepika mahindi yake mwenyewe kwenye sufuria kubwa kutwa kucha, akayavuta yakawa vijiti vyeupe, akaja kuvikata sokoni kwa mkasi mpana usio na makali. Ule mlio ndio tangazo lake.

Suran alisimama.

Peremende hizo hazikuwahi kuwekwa mezani kwa wazee wao. Hakuna hata mmoja katika wale watatu aliyezipenda. Mama mkwe husema zinang'oa meno. Suran mwenyewe hazimpiti kooni. Alikuwa anazila mtu mmoja tu katika nyumba ile. Kila soko la mwisho wa mwaka Dokman alikuwa akicheza na Mzee Bang ule mchezo wa kuvunja: kila mtu anachukua kijiti, anakivunja kwa mpigo mmoja, wanatazama ndani, na mwenye tundu kubwa zaidi ndiye mshindi. Akishinda, anapewa kijiti bure. Akishindwa, mama yake anaingia kati na kugombana na Mzee Bang kuhusu bei mpaka inakuwa kama ameshinda. Mwaka jana mzee alianza na elfu kumi na tano, akaishia tisa, na nyongeza ya vijiti viwili, akisema ukoo huu utamwua.

Mama mkwe alianza kutembea kuelekea kwenye mlio. Suran alimfuata. Sasa atajua. Akibishana, basi ni za Dokman wa kurudi na kuzitafuna, na Mama Pilgu na nguruwe wake wakapotelee mbali. Alimwomba Mungu yeyote aliyekuwa karibu: abishane. Atukane, kama ni lazima.

Mzee Bang aliwaona. Mkasi ukanyamaza.

"Mama Dokman."

"Mzee."

"Mnaionaje baridi?"

"Tupo nayo."

Mzee alivuta pumzi. Suran aliona uso wake unavyojitengeneza, unajaribu kuwa ule uso wa uchokozi wa kila mwaka.

"Pakiti hii elfu kumi na tano," alisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Na sipunguzi hata kwa mama yangu!"

Mama mkwe alifungua pochi.

"Mama Dokman, nimesema kumi na tano."

"Nimesikia."

"Ni za elfu tisa, kumi. Wajua mwenyewe. Nimepandisha makusudi, ili..."

Pesa ilikuwa imeshawekwa juu ya sinia lake. Mzee Bang aliitazama. Alifunga peremende kwenye karatasi, polepole, na kabla hajaikunja mwisho alivunja kijiti kimoja kwa mpigo, tak, akavitumbukiza vipande vyote viwili humo ndani. Nyongeza. Mama mkwe alifungua karatasi. Akavitoa vile vipande kwa ncha za vidole, kimoja, na kingine, akavirudisha kwenye sinia. Vililala hapo na matundu yao yakiwa juu. Cha wazee hakina nyongeza.

Nyuma yao mwanamke mmoja aliuliza kama foleni inasonga.

Mama mkwe alishusha furushi kutoka kichwani. Hakuliweka chini. Aliliegemeza kwenye ukingo wa mkokoteni wa Mzee Bang, akavua glavu, akaanza kufungua fundo la kitambaa cheupe ili azitie peremende humo.

"Mama," alisema Suran.

Vidole vya mama mkwe vilikuwa vimekufa ganzi. Fundo lilikuwa limeganda kwa theluji iliyoyeyuka na kushika tena.

"Mama, mwambie apunguze."

Alinyoosha kikapu mbele. Alikishika kwa mikono miwili, kimefunguka, samaki wakionekana, kama mtu anayeomba kuwekewa kitu.

"Elfu moja tu. Mwambie ni ghali. Mama, nakuomba."

"Nimekubali," alisema Mzee Bang haraka. "Elfu moja, elfu tano, nimekubali. Chukua, mwanangu, hizi hapa..."

"Si wewe, mzee." Suran hakumtazama. "Aseme mama. Mama, sema wewe. Sema ni ghali tu, basi."

Mama mkwe alisogeza furushi karibu na kifua. Akajaribu tena kwa kucha, fundo likakataa. Akainama, akalishika kwa meno.