Mtu wa Vitambaa

Tangu majambazi wamwekee mkasi wake mwenyewe shingoni, fundi cherehani yule hakushona tena, wala hakumsimulia mtu yaliyompata. Mlango ukigongwa tu, roho ilimruka. Mwishowe dada yake akamburuta hadi kwa mshauri nasaha, ambaye alimwekea mezani kadibodi, gundi, magazeti ya zamani na vipande vya vitambaa.

"Chana kwa mikono tu, mama. Bandika lolote linalokujia."

Alibandika kitambaa cheusi, kisha macho aliyoyachana gazetini. Mara mwili ukamsisimka: mmoja wa majambazi wale alikuwa pale mezani, anamkodolea macho! Aliruka, kiti kikaanguka.

"Nitoeni hapa!"

"Mlango uko wazi," mshauri alisema taratibu. "Ila huyu ni karatasi na gundi tu. Unataka umfanye nini?"

Alirudi mezani. Kisha akachukua kipande cha pazia la maua, akayafunika yale macho, akakigandamiza kwa kiganja mpaka gundi ikavuja pembeni.

"Walikuwa wawili," akasema kwa sauti ndogo. "Mmoja alikuwa ananicheka."

Dada yake, aliyekuwa ameketi kando, akasogea, akamshika mkono. Hofu haikumtoka, lakini siku hiyo alisimulia yote.